Jinsi ya kuitambua nyumba kabla hujapiga hodi: kutoka Ngamiani hadi Raskazone

Haya mtazamaji, karibu Tanga. Wenyewe tunasema waja leo, waondoka leo, ila leo huondoki mpaka uweze kuitaja nyumba kwa kuitazama tu. Kila wiki kuna mtu ananitumia picha: "Fundi, dalali kaniambia hii ni bangalo, nilipie?" Nikiitazama, ni chumba na sebule ndani ya nyumba ya wapangaji watano. Dalali jina la nyumba halitoi kwenye ramani, analitoa kwenye bei.

Hatua ya kwanza: usiingie. Simama ng'ambo ya barabara uangalie kuta za pembeni. Kama unaweza kuizunguka pande zote nne bila kugusa ukuta wa jirani, hiyo imesimama peke yake. Familia mbili zikichangia ukuta mmoja wa kati, hiyo ni nyumba pacha. Zikiungana nyingi kwa mfululizo ni nyumba za safu, kama zilivyo kota nyingi za zamani. Sasa kuna mtego hapa. Dalali akisema "inajitegemea", mara nyingi hazungumzii kuta, anamaanisha choo kiko ndani. Muulize kinachojitegemea ni nyumba au ni choo. Halafu hesabu mita za LUKU. Ukiona mita moja na kamba za nguo tano, jua kuna ugomvi kila uniti zikiisha.

Hatua ya pili, na hapa ndipo nitakapokaa sana. Tumeingia Ngamiani, mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu, barabara zinaitwa kwa namba. Tazama hii nyumba ya kona. Mbele kuna baraza ya saruji, ukingo wake umesuguliwa na makalio ya miaka mingi mpaka unang'aa. Mlango uko katikati. Uko wazi, na ule wa nyuma nao uko wazi. Sogea hapa, simama sawa na mlango, uchungulie: unaona mwanga wa uani moja kwa moja, na kuku anapita. Ukiuona mwanga ule, umeipata nyumba ya Kiswahili.

Kati ni korido, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia. Uani kuna jiko, bafu, choo, stoo, na mara nyingi banda la uani ambalo nalo lina mpangaji. Korido ile si njia tu. Ndiyo feni ya nyumba: upepo unaingia mlango wa mbele unatokea wa nyuma, ndiyo maana wazee mchana hawaifungi. Chumba cha mbele chenye dirisha la barazani ndicho kinachogeuzwa duka kwanza. Na katika zile za zamani zisizo na dari, kuta za vyumba hazifiki kwenye bati; ukipiga chafya chumba cha kwanza, afya unatakiwa na chumba cha tatu. Anayetaka siri asipange humu. Anayetaka mtu wa kumwangalizia mtoto akienda sokoni, apange humu humu.

Piga kamera chini kidogo, pale lipu ilipobanduka. Unaona fito zilizofungwa kwenye miti, na mawe na udongo vimeshindiliwa katikati? Ukuta huu si wa tofali, chokaa imeuvalisha nguo tu. Sasa panda juu, paa: limesimama wima kuliko bati linavyohitaji. Makuti lazima yawe na mwinuko mkali, vinginevyo maji yanalala na kuozesha. Kwa hiyo paa la namna hii lenye bati, dau langu ni kwamba lilianza na makuti, bati likaja baadaye.

Hatua ya tatu: vuka reli. Upande huu ni mjini, na nyumba zinabadilika ghafla. Ghorofa moja au mbili, kuta zimeshikana, chini duka, juu familia, roshani imetazama barabara. Inua macho usome kwenye paji la jengo. Baadhi yake zimechongwa jina na mwaka. Nyingi zilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Ukisikia mzee anaziita "nyumba za Msajili", chanzo ni sheria ya mwaka 1971: majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe haishi ndani yalitaifishwa, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana unaweza kukuta jina la mtu ukutani na kodi inalipwa kwingine kabisa.

Hatua ya nne, Raskazone, hii fupi. Bangalo la kweli ni hili: halina ghorofa, veranda pana mbele, paa limetokeza nje kukinga ukuta na jua na mvua, bustani pande zote. Neno lenyewe limetoka Bengal, huko India. Kwa hiyo ukionyeshwa ghorofa ukaambiwa bangalo, cheka.

Hatua ya tano, Kange, karibu na stendi. Zile zinazoonekana kama boksi halina mfuniko zina paa la kuficha: bati lipo, ila limezungukwa na ukuta uliopanda juu yake. Kwenye picha zinapendeza, sikatai. Mimi mwenyewe nilimjengea mdogo wangu moja. Masika ya kwanza majani ya mwembe yakaziba mfereji, maji yakakosa pa kwenda, na dari la jipsamu sebuleni likachora ramani ya kahawia yenye visiwa viwili. Tangu hapo, anayetaka paa hilo namuuliza kwanza nani atapanda kusafisha. Asipokuwa na jibu namchorea paa la pande nne, maji yaanguke nje yenyewe.

Na apatimenti? Hapo unanunua sehemu, ardhi na ngazi ni za wote. Tangu sheria ya mwaka 2008 kila sehemu inaweza kuwa na hati yake, basi omba uione hati ya sehemu hiyo, si ya kiwanja.

Nimerudi Ngamiani, nikupe mtihani. Nyumba hii mbele ina fremu tatu za maduka, juu zege limeacha nondo hewani, na mita za LUKU nne. Ni nini? Jibu langu: nyumba ya Kiswahili iliyokatwa uso, maana pale kati ya fremu, tazama, korido bado ipo. Vyumba sita. Ngoja nimuulize mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo kamera isinichukue mie, chukua nyumba."

"Nimewaambia watazamaji ni ya vyumba sita."

"Ilikuwa. Viwili marehemu kavivunja akatia maduka, vitatu kavijenga uani. Haya, hesabu mwenyewe."