Taka za Mkomani hazibebwi kama za Mokowe

Assalamu alaikum wazee wangu, kina mama, na vijana mliovuka kutoka Mokowe na mliotoka Shela na Matondoni. Nimeombwa nizungumze juu ya taka za majumbani hapa kwetu kaunti ya Lamu, na kwa nini mtaa huu huzolewa namna hii na mtaa wa pili namna nyingine.

Nianze na njia, kwa sababu hapa kwetu njia ndiyo yenye amri. Mokowe, kule bara, lori lafika karibu na mlango. Ukishavuka ukaingia Mkomani, ndani ya mji wa kale wa Lamu, kuna vichochoro ambavyo punda wawili wenye mashogi, yale makapu ya mizigo ya mgongoni, hawapishani. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mkokoteni wapita, lakini nyumba za ndani ni punda au gunia la mgongoni. Wiyoni na Kashmir njia zina upana, ila ni mchanga, gurudumu lazama. Shela kuna hoteli, na mwenye hoteli aweza kumlipa mtu abebe taka zake kila asubuhi; jirani yake asiye na pesa hiyo humtuma mtoto, na mtoto hutupa pale anapochokea. Huko Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, gunia la chupa likitaka kumfikia mnunuzi sharti lipande mashua, na chupa tupu nyingi yake ni hewa. Nauli yaila faida yote.

Tofauti hizo mimi sizilaumu. Atakayeketi ofisini akapanga ratiba moja na chombo kimoja kwa kaunti nzima atakuwa hajawahi kutembea Mkomani akiwa na mzigo. Kinachoniuma ni tofauti nyingine, ile ya kutenganisha. Nyumba moja huchanganya maganda na chupa, ya pili hutenga chupa tu, ya tatu hutenga kila kitu kisha mzoaji akaja akavitia vyote gunia moja mbele ya macho ya mama aliyehangaika. Huyo mama hatatenga tena, na simlaumu.

Tatizo hili si letu peke yetu. England kila halmashauri ilijiamulia mambo yake kwa miaka mingi, rangi za mapipa na vitu vinavyopokewa, hata mtu akihama mji alilazimika kujifunza upya. Ndipo ikatungwa sheria ya kuzitaka halmashauri zote zikusanye aina zile zile kutoka majumbani kuanzia 31 Machi 2026: karatasi, vioo, vyuma, plastiki na mabaki ya chakula. Wales, majirani zao, walitangulia. Serikali yao iliziwekea halmashauri viwango vya kisheria, na leo zaidi ya asilimia 60 ya taka zao hurejelezwa au kugeuzwa mbolea.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Kamikatsu, mji mdogo wa milimani Japani wenye watu wasiofika 2,000. Lori la kuzoa taka halipiti nyumba kwa nyumba. Watu hupeleka wenyewe kituoni na hutenganisha katika mafungu zaidi ya 40. Mwaka 2003 walitangaza nia ya kutobakiza taka kabisa, na sasa kiasi cha asilimia 80 hurejelezwa. Mafungu mengi hivyo siwaombei watu wa Lamu. Nawataja kwa sababu wao pia wanakaa mahali ambapo gari halikuwa jibu, na walifika pale walipofika kwa kukubaliana, mji mzima, nini kinakwenda wapi.

Sisi tunatakiwa kukubaliana juu ya mafungu mawili tu, na sheria tunayo. Katiba ya mwaka 2010 iliipa kaunti kazi ya kuzoa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka: zinazooza kando, zisizooza kando, kila fungu na chombo chake chenye rangi yake. Nawaomba tuseme kwa lugha ya jikoni: mbichi na kavu.

Mbichi ndiyo mzigo mkubwa. Katika miji yetu ya Kenya, zaidi ya nusu ya taka ya nyumba ni kitu kinachooza. Bibi zetu hawakuipeleka jaani. Machicha ya nazi yalikwenda kwa kuku, majani ya mboga kwa mbuzi, vifuu vikawa upawa au kuni, makumbi yakasokotwa kamba. Kilichobaki kilifukiwa chini ya mpapai. Leo machicha yafungwa ndani ya plastiki pamoja na mifupa ya samaki, na plastiki ile yanukia chakula. Punda hajui tofauti, avila vyote viwili. Plastiki humziba matumbo, na punda akifa hapa kwetu, riziki ya nyumba imekufa naye. Marufuku ya mifuko ya kubebea ya tarehe 28 Agosti 2017 ilitusaidia, lakini vifungashio vingine vingi vimebaki.

Na kuna maji. Maji matamu tunayokunywa Lamu yatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga haushiki kitu. Uozo ukirundikwa juu yake, mvua ya masika huusukuma chini. Kwa hiyo mbichi ibaki karibu na nyumba, ifukiwe kidogo kidogo bustanini au ipelekwe shambani kama mbolea, isirundikwe mahali pamoja.

Kavu nayo ina elimu yake. Mnalikumbuka jahazi la Flipflopi, la mita 9, lililojengwa hapa hapa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa tani 10 za plastiki na ndala 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Watu walizipigia picha ndala za rangi, lakini kazi ngumu ilikuwa kuchambua. Chupa ya maji huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 250, dumu la mafuta kwenye nyuzi kama 130. Ukizichanganya, moja huyeyuka nyingine ikiwa bado ngumu, hazishikani vizuri, na ubao utakaoutoa utakuwa rahisi kuvunjika. Vijana, jaribuni nyumbani: kateni kipande cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko chake, mvitie kwenye ndoo ya maji. Cha chupa kitazama, cha kifuniko kitaelea. Hiyo ni plastiki ya aina mbili kwenye chupa moja, na mnunuzi humlipa vizuri aliyezitenga.

Basi pendekezo langu ni hili. Kutenganisha kuwe kumoja, kutoka Kizingitini mpaka Mpeketoni, mbichi na kavu, rangi zile zile. Kubeba kila mtaa ujiamulie: Mkomani walipwe wenye punda kwa shogi, Mokowe lori, visiwani chupa zikanyagwe zitoke hewa na ziwekwe mpaka mashua ijae. Na mzoaji apewe mashogi mawili, la mbichi na la kavu, kabla hatujamwambia mama yeyote atenge. Nalirudia hilo kwa wenzetu wa kaunti walioketi mbele: kabla.

Pampasi sijazitia fungu lolote. Si mbichi ya kufukia, si kavu ya kuuza, na katika nyumba yenye mtoto mchanga ni nyingi mno. Sheria ya 2022 inawataka watengenezaji wa bidhaa wabebe sehemu ya mzigo baada ya bidhaa kutumika, nami naona hapa ndipo pa kuwadai kwanza. Lakini wanaozifunga na kuzibeba kila siku ni kina mama, na wenzetu wa Wiyoni wameniambia wana la kusema. Mama, karibu, kipaza sauti hiki hapa.