Kwa nini kila video namtaja Mfalme Offa

Asalaam aleikum wapendwa, habari za nyumbani. Leo najibu swali moja tu, maana komenti zimejaa hilo hilo: "Dada, sisi tunataka njia ya kuja huko, wewe kila siku Offa, Offa. Anakuhusu nini?" Mwingine kasema naringa.

Siringi jamani. Offa ni mfalme wa zamani sana wa huku Uingereza, na nitawaeleza nilivyomfikia. Nimelipa paundi 50 kufanya ule mtihani wa maisha ya Uingereza wa waombaji ukaazi, maswali 24 kwa dakika 45, na hiyo ni ya mtihani peke yake. Ada ya kibali cha ukaazi ni mlima mwingine. Wala silalamiki, ila hili linaniuma mpaka leo: ofisi moja ilinirudishia maombi yangu kwa sababu cheti cha kuzaliwa kina Hamisi, pasipoti ina Khamisi. Herufi moja! Miezi minne ikapotea hivi hivi, na hela ya wakili nimekopa.

Sasa, kusomea mtihani ndiko kulikonifikisha kwa Offa. Mimi naishi Tamworth, ndani kabisa ya ile iliyokuwa Mercia, ufalme wa Offa. Æthelbald, aliyemtangulia, aliuawa usiku na walinzi wake mwenyewe mwaka 757, jirani tu na hapa. Offa akapigania kiti, akakikalia hadi 796. Ndiye aliyechimbisha lile handaki refu na tuta lake upande wa Wales, na mkewe Cynethryth akapigiwa sarafu za fedha zenye jina lake.

Lakini kilichonishika ni sarafu ya dhahabu. Iko British Museum, London. Kiingilio bure, nauli ya treni ndiyo niliyoibania wiki tatu. Nasimama mbele ya kioo, kitu chenyewe kidogo kama kifungo cha koti, na kabla sijaona Kilatini chochote macho yameshasoma: Muhammad Rasulullah. Mistari mitatu, herufi zile zile nilizochapiwa fimbo chuoni. Katikati ya mistari, kichwa chini miguu juu, OFFA REX, yaani Mfalme Offa. Fundi alinakili dinari ya Khalifa al-Mansur wa Baghdad, mpaka mwaka wake, 157 Hijria, na Kiarabu hakijui. Herufi nyingine kazikosea. Alifuata umbo tu, kwa sababu dhahabu ya namna ile ndiyo iliyoaminika sokoni.

Mnaouliza kama mfanye mtihani mapema: mimi nilifanya mapema, ikanisaidia. Ila kila mtu na faili lake, na kanuni zinabadilika, kwa hiyo msiniwekee dhamana.

Pale kwenye kioo machozi yalinitoka. Mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama. Nikamwonyesha kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto, nikamsomea neno kwa neno. Akainama na yeye kuangalia.