Kipunji Alikuwa na Jina Tayari

Ndugu zangu, naanza na lile lile. Wengine mmelisikia kwangu mara nyingi, na mtalisikia tena mpaka liwaingie. Bado tunaandika kwamba kipunji, kima wa misitu ya milimani kusini mwa Tanzania, aligunduliwa mwaka 2005. Aligunduliwa na nani?

Wanyakyusa wa chini ya Mlima Rungwe walikuwa na jina lake. Mwaka 2003 watafiti walipowauliza wasasi habari za msitu, jina likawa linajirudia: kipunji, kima mwenye haya, wa juu mitini. Watafiti wakaingiwa na shaka. Kwa Wanyakyusa, simulizi za wanyama na za viumbe vya mizimu huenda pamoja, wakadhani huenda huyu ni wa mizimu. Mpaka walipomwona kwa macho yao: manyoya marefu ya kuhimili baridi ya mlimani, kishungi kimesimama kichwani, ncha ya mkia nyeupe. Mlio wake mzito, mfupi, kama mbwa abwekaye ndani ya pipa. Mwaka 2005 akatangazwa, na jina la kisayansi likalibeba lile la kijijini.

Hapo nataka mkae kidogo. Mwaka huohuo kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, shambani kwa mahindi. Mzoga ule ndio uliopimwa vinasaba, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima tangu 1923! Elimu yote hiyo imetoka kwenye mtego wa mtu aliyekuwa akilinda chakula cha watoto wake.

Najua kuna atakayesimama aniambie: mwalimu, hao wanaomjua ndio wanaomla. Sikatai. Wasasi wapo, mbwa wanaingia msituni, magogo yanakatwa, mkaa unachomwa. Lakini wewe uliyekuja juzi na darubini, utamzuia vipi msasi ambaye hujawahi kumsalimu? Katika hesabu iliyotolewa mwaka 2008, vipunji wote walikadiriwa kuwa 1,117, misitu ya Rungwe, Kitulo na Ndundulu pamoja. Zipo shule za msingi mjini zenye watoto wengi kuliko hao. Kwa idadi hiyo hatuwezi kumfungia nje mtu hata mmoja anayejua wanakolala.

Wala si Rungwe tu. Mwaka 1979, huko msitu wa Mwanihana, milima ya Udzungwa, watafiti walisikia mlio usio wa kawaida. Mwenyeji aliyewaongoza akawaambia: huyo ni ngolaga. Leo vitabuni kima huyo anaitwa mangabei wa Sanje. Na kaya za Wamijikenda, misitu iliyolindwa kwa miiko ya wazee kabla ya askari wa wanyamapori... naona mwenyekiti ananionyesha saa. Hizo niziache.

Nimalizie na fomu. Niliwahi kupewa fomu ya kuorodhesha wanyama wa msitu. Ina safu ya jina la Kilatini, ya Kiingereza, ya mahali, ya saa. Ya jina la wenyeji hamna. Nikayaandika pembeni kwa kalamu, jina kwa jina, kama wazee walivyonitajia. Orodha iliporudi imechapwa, hayakuwemo hata moja. Ninyi mnaoandaa fomu za msimu ujao mmo humu ukumbini. Naomba safu hiyo, na naomba iwe ya kwanza.