Majuto, Kanumba na Charles Hilary: Kazi na Malipo Yake

DADA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na kokote mliko. Leo tunawazungumzia waigizaji wawili na mtangazaji mmoja wa michezo, na tutatazama zaidi namna walivyoiendesha kazi yao, kwa kuwa habari za umaarufu wao kila mtu anazo.

KAKA: Ahsante, dada. Tuanze na Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kuanza kuigiza jukwaani angali mtoto. Huyu mzee alikuwa na kipaji cha ajabu: alitosha kuingia tu na kumkazia mtu macho, watu wakaanza kucheka kabla hajatamka neno.

DADA: Hata hivyo, alipougua ndipo wengi walipotambua kuwa sura iliyouza bidhaa katika matangazo haikumletea mwenyewe fedha za kutosha. Mwaka 2018, Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ikiwemo ya Majuto, ambaye alifariki dunia tarehe 8 Agosti mwaka huohuo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

KAKA: Sisi watu wa Kusini jambo hili halitupi taabu kulielewa, dada yangu. Tangu mfumo wa kuuza mazao kwa stakabadhi ghalani uanze huku mwaka 2007, mkulima wa korosho hupeleka mzigo wake chama cha msingi cha ushirika, ukapimwa, akapewa stakabadhi, kisha bei ya kilo ikatangazwa mnadani mbele ya watu. Mwigizaji, kinyume chake, husaini bila kujua tangazo litarushwa kwa muda gani wala kazi yake itauzwa nakala ngapi.

DADA: Na hapo ndipo ninapomkumbuka Steven Kanumba. Kijana wa Shinyanga, aliyezaliwa Januari 1984, akapitia kundi la maigizo la Kaole, kisha akavuka mipaka hadi kuigiza na Ramsey Nouah, mwigizaji wa Nigeria. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 alikuwa na miaka 28 tu. Filamu za wakati ule zilikuwa zikiuzwa kwa msambazaji kwa mkupuo, ikimaanisha kwamba nakala zilizoendelea kununuliwa baadaye hazikumhusu tena aliyeitengeneza. Mimi naona huo ulikuwa mpango mbovu, hata kama wengi waliuridhia kwa sababu fedha ilipatikana papo hapo.

KAKA: Charles Hilary, yule mtangazaji wa michezo, alipita njia nyingine, ya ajira. Alianzia Radio Tanzania Dar es Salaam, akaenda Radio One, Deutsche Welle, BBC London, akarudi nyumbani Azam, na hatimaye akawa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, wadhifa aliokuwa nao hadi alipofariki Mei 2025.

DADA: Tusisahau, kaka, kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kukamilika mwaka 2003, magari ya kuja Kusini yalivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na masika yalipokolea barabara ilikuwa haipitiki. Kwa mtu wa Mtwara, mechi ya Simba na Yanga ilikuwa ni ile aliyoisikia redioni, kwa hiyo mtangazaji alipaswa kusema mpira uko upande gani, nani anao na nani anamkabili, bila kuacha mwanya.

KAKA: Ufundi huo ndio uliomfanya atakiwe kila alikokwenda, na mwajiri alimlipa mwisho wa mwezi, mechi iwe tamu au chungu. Mwigizaji hana mwezi. Ana mkataba tu. Kwa hiyo vijana mnaopiga filamu kwa simu hapa Mtwara, mkiletewa karatasi ya tangazo, tafuteni kwanza kifungu cha muda wa matumizi, na kama hakimo, ombeni kiandikwe kabla ya kusaini.