Nailoni Inaishia Jikoni: Mhadhara kwa Madiwani na Watendaji wa Mitaa

Waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na mitaa, akina mama wa sokoni, itifaki imezingatiwa. Mifuko ya rambo, ile ya plastiki ya kubebea, ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mnajua, sirudii. Leo nataka tuanze na kifungashio, kile kimfuko cha nailoni.

Pitieni gengeni jioni hii, muombe nyanya za buku. Muuzaji anachomoa kifungashio kwenye fungu lililotundikwa msumarini, kile chembamba kisicho na mkono, anakipuliza kifunguke, anatia nyanya, anapiga fundo. Vitunguu, kingine. Dagaa, viwili, maana kimoja kinachanika. Kanuni za marufuku hiyo ya 2019 ziliacha nafasi kwa vifungashio vya dawa, vya viwandani, vya ujenzi, vya kilimo, vya usindikaji wa vyakula. Hazikusema mtu abebee mchicha. Rambo lilipoondoka, kifungashio kikashika nafasi yake, na sisi tunaangalia.

Sasa kifuateni mpaka nyumbani. Hakiendi jalalani. Kinakunjwa, kinachomekwa ukutani karibu na jiko. Asubuhi mkaa una unyevu, mafuta ya taa hakuna. Mama anakitoa, anakiwasha kwa kiberiti, anakishika juu ya mkaa ili kile kinachoyeyuka kidondoke kikiwaka, tone moja moja, mpaka mkaa ushike. Mtoto yuko mgongoni. Ni nyumba ya kupanga, majiko yamepangwa koridoni, kila mlango na jiko lake, na ule moshi mweusi unaingia vyumba vyote kabla chai haijachemka.

Habari hii nimeisema kwenye vikao vingi na wengine mmeshaichoka. Nitaisema tena, kwa sababu hapo koridoni ndipo sera zenu mbili zinapokutana, na ninyi mmeziweka kwenye ofisi mbili zisizosemezana. Plastiki ni ya watu wa usafi na mazingira. Nishati ya kupikia ni ya maendeleo ya jamii. Huyu anakuja gengeni na mgambo, yule anakuja na mitungi ya gesi ya kugawa, na hakuna hata mmoja anayemuuliza mama kwa nini anawasha mkaa kwa nailoni.

Atanyanyuka mtu aseme tatizo ni elimu. Hapana, jamani! Yule mama anajua ule moshi ni mbaya, ndiyo maana anajiziba pua na khanga. Amekosa kiwashio cha bei yake, amekosa jiko la bei yake, na mfuko mbadala mnaomwambia anunue unakaribia bei ya fungu la mchicha.

Mwingine atasema, sisi tunakamata. Mnamkamata nani? Faini ya anayekutwa na mfuko uliokatazwa ni shilingi 30,000 hadi 200,000. Ya anayeuzalisha au kuuingiza nchini ni milioni 20 hadi bilioni moja. Mgambo wenu wanaishia kwa yule wa kwanza, kwa kuwa beseni lake liko barabarani na halina mlango. Vifungashio vinauzwa kwa jumla, kwenye maduka yenye leseni ya biashara mliyoitoa ninyi. Anzeni na leseni. Mwaka 2017 pombe ya viroba ilipopigwa marufuku, ukaguzi ulifika viwandani na kwenye maghala, haukuishia kwa muuza duka. Mkono huo mnao.

Umeme nitaupitia haraka, naona mwenyekiti anaangalia saa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Maharage kwenye jiko la presha la umeme hayamalizi uniti moja. Anayelipa shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, afanye hesabu na bei ya kopo la mkaa mtaani kwake. Ila yule wa kundi la uniti 75 kwa mwezi, anayelipa shilingi 100 kwa uniti, anaogopa akizidisha atahamishiwa kundi la bei ya juu. Na wapangaji wanaochangia mita moja hawapikii umeme kabisa, mwenye nyumba amekataza.

Mtaniambia bei inapangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Ni kweli. Lakini kibali cha ujenzi anatoa nani? Ramani ya nyumba ya kupangisha isipite kwenu bila jiko lenye dirisha, bila soketi na nyaya za kubeba jiko la umeme, bila nafasi ya mita ya kila mpangaji. Hilo haliwagharimu chochote zaidi ya afisa kuisoma ramani kabla ya kugonga muhuri. 

Mwisho, ile asilimia 10 ya mapato yenu ya ndani ya kukopesha vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kinakopeshwa cherehani za kushona mifuko ya kitambaa, halafu hakipewi hata meza kwenye soko la halmashauri hiyohiyo. Chagueni soko moja mwaka huu wa fedha. Muuza vifungashio wa jumla asipewe kizimba humo, kikundi kipewe.

Chupa za maji sijazigusa, anayetaka aulize. Ila naomba swali la kwanza litoke kwa akina mama wa genge, wamekaa kule nyuma tangu saa tatu.