Meza ya jikoni ya Florence Price

Walimu wenzangu, wanakwaya, na nyote mliofika jioni hii, ahsanteni sana.

Naomba tuanzie jikoni. Tuko Chicago, mwanzoni mwa miaka ya 1930, nje baridi kali. Juu ya meza kubwa zimetapakaa karatasi za nota, na siku ya mwisho ya shindano imekaribia. Florence Price, mtunzi mweusi wa Marekani, anatoa sehemu ya kila chombo kutoka kwenye muziki alioutunga: hii ya fidla, hii ya tarumbeta. Pembeni ameketi mwanafunzi wake, Margaret Bonds, naye ananakili. Bonds alikuja kusimulia kwamba mambo yalipobana, kila mwanamuziki mweusi wa Chicago aliyejua kuandika nota alifika kusaidia. Mliowahi kunakili solfa ya kwaya nzima kwa mkono mnaijua kazi hiyo. Sasa fikirieni okestra.

Price alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887. Mama yake, mwalimu wa muziki, ndiye aliyemfundisha piano. Alipokwenda kusoma New England Conservatory, chuo cha muziki cha Boston, aliandikishwa kuwa ametoka Pueblo, Mexico. Mzazi anaficha weusi wa mwanawe ili asome muziki kwa amani! Alihitimu mwaka 1906 na stashahada mbili, ya ogani na ya kufundisha piano, akarudi kusini mwa Marekani kufundisha. Aliongoza idara ya muziki ya Clark University kule Atlanta, kisha akaolewa, akarudi Little Rock. Huko chama cha walimu wa muziki cha jimbo kilimkatalia uanachama kwa sababu ya rangi yake. Akafundisha nyumbani, na wanafunzi wadogo akawatungia mwenyewe vipande vya kujifunzia.

Mwaka 1927 kundi la Wazungu lilimuua John Carter, mtu mweusi, hapo hapo Little Rock. Familia ikahamia Chicago. Ndoa ilivunjika mwaka 1931, akabaki na mabinti wawili wa kulea. Alifundisha, akapiga ogani kwenye sinema zisizo na sauti, akatunga muziki wa matangazo ya redio.

Januari ya mwaka huo alivunjika mguu. Katika barua aliandika kwamba amepata siku chache za thamani za kutunga bila kusumbuliwa, akauliza ni lini tena atabahatika kuvunjika mguu. Kila nikiyasoma maneno hayo yananichoma. Kwa mwalimu huyu, mfupa uliovunjika ulikuwa likizo! Na katika siku hizo ndipo alipoianza Simfoni yake ya Kwanza, utungo mrefu wa okestra nzima.

Simfoni hiyo ilimpatia zawadi ya kwanza ya Wanamaker, shindano la watunzi weusi, mwaka 1932, dola 500. Tarehe 15 Juni 1933 Chicago Symphony Orchestra ikaipiga, Frederick Stock akiongoza. Hakuna mwanamke mweusi wa Marekani aliyewahi kupigiwa simfoni na okestra kubwa kabla yake. Na usiku huo huo, nani alikaa kwenye piano kupiga kazi ya mtunzi mwingine mbele ya okestra ile? Margaret Bonds, yule wa jikoni, akiwa na miaka 20.

Mwaka 1943 Price alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, akisema waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia na rangi, na kuomba kazi yake ipimwe kwa ubora wake. Koussevitzky hakuwahi kuipiga. Price akafariki mwaka 1953. Mwaka 2009, katika nyumba iliyotelekezwa St. Anne, Illinois, wanunuzi wakakuta marundo ya karatasi zake, zikiwemo konsheto mbili za fidla, yaani tungo za fidla ikisindikizwa na okestra, na Simfoni ya Nne.

Sehemu ya tatu ya ile Simfoni ya Kwanza inaitwa Juba. Hiyo ni dansi ya watumwa weusi wa Marekani walionyimwa ngoma za kupiga. Wakapiga mapaja, vifua na viganja, miguu ikakanyaga chini. Inueni mikono, tujaribu: paja, kiganja, paja. Taratibu. Hapo hapo, msiache. Fundi mitambo, tuwekee.