Upepo wa Dodoma Unavyojaza Diski ya Kamera

Habari za mchana, ndugu zangu. Naona humu kuna mafundi na wenye maduka ya Majengo, kwa hiyo hesabu nitaipiga taratibu, mafundi mnivumilie.

Kamera ya ulinzi ya 1080p ina pikseli, yaani nukta ndogo za picha, 1,920 kwa 1,080, jumla zaidi ya milioni 2. Kila pikseli ikichukua baiti 3, picha moja ni kama megabaiti 6. Kwa picha 25 kila sekunde, diski ya terabaiti 1 imejaa kabla ya saa mbili kwisha. Mbona basi mnarudi nyuma wiki tatu kumtafuta aliyebeba gunia la alizeti?

Kwa sababu video imebanwa. Kamera inahifadhi picha moja kamili, halafu kwa zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Ukuta umetulia, hauandikwi tena. Mtu akipita, picha imeshagawanywa vipande vidogo, na kamera inaandika kwamba kipande fulani kimesogea kulia kiasi fulani, haimchori upya. Baada ya sekunde chache inaweka picha kamili nyingine. Mbinu ya kubana video iitwayo H.264, ya mwaka 2003, inafanya hivyo, na H.265 ya 2013 pia, ila hii hufikia ubora uleule kwa karibu nusu ya nafasi.

Sasa mtazame mwarobaini ulio mbele ya duka. Upepo wetu wa mwezi wa nane ukianza, kila jani linalotikisika ni badiliko la kuandikwa, na diski inajaa haraka. Usiku ni balaa zaidi: giza linaleta chengachenga, nazo kamera inazihesabu kama mwendo. Bado buibui aliyetanda kwenye kioo!

Fundi akiwa ameweka kikomo kidogo cha data kwa sekunde, kamera inalazimika kutupa undani. Majani yanakula mgawo, sura ya mwizi inabaki viboksi. Mwenye duka analaani kamera, na mimi naona anaionea. Geuza kamera kidogo, futa kioo, weka taa ya nje. Diski kubwa baadaye.

Mzee pale nyuma ameuliza polisi wakija awape nini. Mzee wangu, nakili faili lenyewe kutoka kwenye rekoda, uliweke kwenye flashi. Usiirekodi skrini kwa simu ukawatumia kwa WhatsApp, maana simu itaibana upya, na WhatsApp nayo itaibana tena.